Kabla ya kumwandikia kijana barua, tuione kwanza kazi yake

Mwaka juzi, baada ya swala ya Ijumaa, binti mmoja kutoka Machame alifika katika ofisi ya kamati yetu ya msikiti hapa Moshi akifuatana na mama yake. Ombi lake lilikuwa dogo. Alikuwa akiomba nafasi katika mpango wa ng'ambo unaomkutanisha msanii anayechipukia na msanii mzoefu, ili amlee katika kazi yake kwa muda wa mwaka mmoja. Mpango ule ulitaka barua ya mtu wa jamii yake anayemfahamu yeye na kuifahamu kazi yake. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa imebakiza siku kumi na moja.

Tulimpokea kwa ukarimu, tukamwahidi barua. Kisha tukafanya kama kamati nyingi zifanyavyo. Tulisubiri kikao. Kikao kikaahirishwa kwa sababu ya msiba. Kilipoketi, wajumbe wakataka kwanza waione rasimu. Rasimu ilipokubaliwa, muhuri ulikuwa kwa mjumbe aliyekuwa amepanda kijijini kwa mavuno ya kahawa. Barua ikatoka siku yenyewe ya mwisho, alasiri. Sisi tuliamini kwamba kijana anao usiku mzima mbele yake. Kumbe maombi yalikuwa yanafungwa saa 11 jioni kwa saa za Ulaya ya kati, na wakati wa majira yao ya baridi hiyo huwa ni saa 1 usiku kwetu. Binti alipopata daladala, akashuka mjini, akaswali Magharibi na kuingia katika duka la kutoa nakala, mlango wa maombi ulikuwa umekwisha kufungwa.

Hakutulaumu. Alisema, "Alhamdulillah, mwaka kesho upo," akaikunja barua yetu na kuitia mkobani. Lakini sisi tulijua kwamba amana ilikuwa imepotea mikononi mwetu, na tunaandika makala haya ili familia na kamati nyingine zisirudie kosa letu. Kosa lenyewe, kama tutakavyoeleza, halikuwa la kuchelewa peke yake.

Kwanza tueleze mipango hii ni nini, kwani wazazi wengi huisikia kwa watoto wao na kuidhania kuwa ni ufadhili wa masomo, au utapeli. Katika mpango wa ulezi wa wasanii, kijana hapewi cheti wala haingii darasani. Hupewa mlezi: mtu aliyetangulia katika fani, ambaye atazungumza naye kila baada ya muda, ataitazama kazi yake, atamwonesha inapolegea na kumfungulia milango ya watu anaowafahamu. Mara nyingi hupewa pia fedha kiasi ili aweze kuifanya kazi aliyoieleza katika maombi yake.

Mfano mmoja una uhusiano na nchi yetu kuliko wengi wanavyojua. Mfuko wa Prince Claus, wenye makao yake Amsterdam, uliasisiwa mwaka 1996 na kupewa jina la mume wa Malkia Beatrix wa Uholanzi. Prince Claus aliishi sehemu ya utoto wake Tanganyika, ambako baba yake alikuwa na shughuli za kilimo, na kati ya mwaka 1936 na 1938 alisoma shule ya bweni humu humu nchini. Mwaka 2005 mfuko huo ulimtunuku Profesa Abdul Sheriff wa Zanzibar, mwanahistoria aliyefanya kazi kubwa katika makumbusho ya visiwani. Tangu mwaka 2021 umekuwa na ngazi tatu za tuzo. Ya kwanza ni ya wanaoanza: watu 100 kwa mwaka, euro 5,000 kila mmoja. Ya pili ndiyo ya ulezi: kikundi cha watu 12 hulelewa kwa mwaka mmoja na kila mmoja hupata euro 10,000. Moja ya mipango hiyo ya ulezi, unaoendeshwa pamoja na Goethe-Institut ya Ujerumani, ni wa wasanii wanaoshughulikia mabadiliko ya mazingira. Ya tatu ni ya waliokwisha kufanya kazi kubwa. Maombi ya ngazi mbili za kwanza hupelekwa na msanii mwenyewe anapotangaziwa nafasi.

Si mipango yote inayofunguliwa hivyo. Ule wa kampuni ya Rolex, ulioanza mwaka 2002, haupokei maombi ya kila mtu. Wajuzi wa fani hupendekeza majina, na waliopendekezwa ndio wanaoalikwa kuomba. Kwa njia hiyo Mariam Issoufou Kamara wa Niger alipata ulezi wa mwaka 2018 hadi 2019 katika usanifu wa majengo, chini ya David Adjaye aliyezaliwa Dar es Salaam. Wasomaji wetu wangependa kumjua dada huyu kwa kazi aliyoifanya katika kijiji cha Dandaji pamoja na mwenzake Yasaman Esmaili. Msikiti wa zamani wa udongo ulikuwa umechakaa na wanakijiji walitaka mpya. Wasanifu hao waliwashawishi wasiubomoe ule wa zamani. Mpya ukajengwa kando yake, na wa zamani ukakarabatiwa kuwa maktaba, kwa msaada wa waashi wale wale waliousimamisha hapo mwanzo. Leo msikiti na maktaba vinatazamana katika uwanja mmoja.

Sisi Waislamu hatupaswi kuuona utaratibu wa mlezi na mwanafunzi kuwa kitu cha kigeni. Elimu yetu imepita kwa njia hiyo tangu mwanzo. Mwandishi wa khati hajipi mwenyewe ruhusa ya kutia jina lake chini ya kazi. Hupewa ijaza na mwalimu wake, ambaye naye aliipata kwa mwalimu wake. Mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulipata sifa kwa misahafu iliyonakiliwa huko kwa mkono, na mkono wa namna hiyo haujifunzwi pasipo kukaa na mwenye kujua. Jipya hapa ni fomu, intaneti, na kwamba mlezi yuko mbali nasi na pengine si wa dini yetu.

Hata adabu za kuomba zimo katika Qur'an. Katika Surat al-Kahf, Nabii Musa (a.s.), pamoja na daraja yake, alimwomba mja mwema ruhusa ya kumfuata ili afundishwe, akakubali kuwekewa masharti. Katika Surat Yusuf, Nabii Yusuf (a.s.) aliomba dhamana ya hazina za nchi na akataja sifa zake mbili zinazohusu kazi ile: kwamba ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Na katika Surat al-Qasas, binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Musa kwa kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Binti yule hakusema jambo la kusikia. Yeye na dada yake walikuwa kisimani, wakamwona Musa akiwanyweshea mifugo yao.

Hapo ndipo barua yetu ilipotusuta. Baada ya binti wa Machame kuondoka tuliisoma nakala iliyobaki katika faili. Ilisema kwamba mtajwa ni Muislamu mwenye tabia njema, anahudhuria darsa, anawaheshimu wazee, na kwamba kamati haijapata kusikia baya lolote juu yake. Yote yalikuwa kweli. Lakini barua ile ingefaa vile vile kuombea mkopo wa benki, kazi ya ulinzi au posa. Hapakuwa na sentensi hata moja juu ya kazi yake, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona. Tuliulizwa ushahidi, nasi tukatia muhuri juu ya tusichokishuhudia. Hata ingefika mapema, isingemsaidia.

Mwaka uliofuata binti alirudi, safari hii ikiwa imebaki miezi miwili. Tulimwomba jambo moja kabla ya kushika kalamu: atuoneshe kazi.

Tulikwenda watatu, Jumamosi asubuhi, kupanda Machame hadi nyumbani kwao. Katika sebule ya baba yake alitandika kitambaa cheupe cha amerikani chenye urefu wa hatua nne. Juu yake alikuwa amedarizi, kwa mshono ule ule wa kofia aliofundishwa na bibi yake mzaa mama, njia za mifongo ya vijiji vitatu. Wasomaji wa mbali wafahamu kwamba mfongo ni mfereji unaochepusha maji ya kijito kutoka juu mlimani na kuyapitisha kwa mteremko wa hesabu hadi katika vihamba vya migomba na kahawa. Wachagga waliichimba kwa mikono tangu zamani, na wasafiri wa Kizungu waliofika katika karne ya 19 waliistaajabia. Kila mfongo una kinywa chake, matawi yake, wazee wake na zamu zake za maji. Katika kitambaa kile, mfongo wenye maji ulikuwa wa uzi wa buluu, uliokauka ulikuwa wa uzi wa kahawia, na kwenye kila tawi palidariziwa jina la ukoo uliolichimba. Alikuwa amekusanya majina hayo kwa wazee, nyumba kwa nyumba, kwa miaka miwili.

Katika maombi ya mwaka wa kwanza binti alikuwa ameandika kwamba mifongo imekauka kwa sababu barafu ya Kibo inayeyuka. Ni kweli barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912, na ni habari ambayo dunia nzima inaijua. Lakini alipomsomea mzee mmoja wa mfongo maneno yale, mzee akatikisa kichwa. Akamwambia, "Mwanangu, maji yetu yanatoka msituni. Mfongo huu umekufa kwa sababu msaragambo umekufa. Vijana mmeshuka mjini, hakuna wa kuuzibua." Wataalamu nao hueleza kwamba maji ya mlima huu hutokana zaidi na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu kuliko barafu ya kileleni. Binti alikiri kwetu kwamba aliandika habari ya barafu kwa kuwa alidhani ndiyo watu wa Ulaya wanayotaka kuisikia. Safari hii alikuwa ameifuta, na mahali pake akaandika maneno ya mzee.

Tunawaomba vijana walitafakari jambo hili. Kuna majaribu mawili yanayomkabili anayejaza fomu hizi. La kwanza ni kumwandikia msomaji anachodhani kinampendeza. La pili ni kuomba huruma. Rasimu ya kwanza ya binti ilikuwa na aya nzima juu ya bei ya kahawa na ufinyu wa nyumba yao, na mistari miwili tu juu ya kitambaa. Wengi wetu tumelelewa kutojisifu, na ni malezi mema, kwani Mwenyezi Mungu ametukataza kujitakasa nafsi zetu. Lakini Nabii Yusuf hakujitakasa. Alitaja uwezo unaohusu kazi, akanyamazia mengine. Anayesema, "Nimedarizi njia za mifongo ya vijiji vitatu, nimezungumza na wazee hawa, na bado sijui namna ya kuonesha mabadiliko ya maji ya masika na kiangazi," hajajisifu. Amesema ukweli juu ya alichofanya na juu ya anachokosa. Na hicho anachokosa ndicho mlezi anachotafuta, kwani asiyekosa kitu hahitaji mlezi.

Kwa sababu hiyo hiyo hatushauri kijana aandikiwe maombi na mtu mwingine, wala ayatoe yote katika mashine ya kuandikia. Kusaidiwa kusahihisha lugha ni jambo jingine. Sauti ikiwa si yake, mlezi atakayepangiwa atakuwa amechaguliwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Tulizungumza pia na baba. Mwaka wa kwanza yeye hakuridhia, na hoja zake ni za wazazi wengi, basi tuzijibu kama tulivyozijibu pale sebuleni.

Aliuliza kuhusu sanaa yenyewe: je, si picha za viumbe? Tulimwonesha kitambaa. Ni mistari, rangi na majina. Fani nyingine zina maswali yake, na katika muziki na picha wanazuoni wana kauli tofauti. Mzazi amuulize shekhe anayemwamini kabla ya maombi kupelekwa, si baada ya jibu kurudi.

Aliuliza kuhusu safari. Mipango mingi hufanya sehemu kubwa ya ulezi kwa mazungumzo ya video, na baadhi huwa na mkutano wa ana kwa ana. Familia iulize kwa barua pepe kabla ya kuomba: mkutano utakuwa wapi, siku ngapi, na je, mshiriki anaweza kufuatana na mahram au kushiriki akiwa nyumbani? Mpango wa heshima utajibu. Ukikataa kujibu, hilo nalo ni jibu.

Aliuliza kuhusu fedha. Mpango anaolipwa mwombaji hauanzi kwa kumdai. Anayetaka ada ya fomu kwa simu, au nywila ya akaunti, au picha ya kitambulisho kabla hata kazi haijatazamwa, akimbiwe. Na fedha ikipatikana, ni ya kazi iliyoelezwa katika maombi. Tulimwomba baba asiihesabu kuwa ya kuezekea nyumba, naye alicheka na kukiri kwamba wazo lilikuwa limekwisha kumpitia.

Hatimaye akauliza lililokuwa zito kuliko yote: "Akirudi, atakuwa yule yule?" Hatukumpa ahadi, kwa kuwa hatuna uwezo nayo. Tulimwambia kwamba binti yake amekaa miaka miwili akiwasikiliza wazee kwa ajili ya kazi hii, na kwamba mtoto ambaye kazi yake inajulikana nyumbani ana sababu ya kurudi kuionesha. Anayefanya kazi yake kwa kificho ndiye tunayemwogopea.

Siku ile tulipanda naye hadi kwenye kinywa cha mfongo mmoja, juu karibu na msitu, ambako jiwe la kuchepushia maji bado lipo na maji yanapita kando yake. Tulirudi na matope viatuni, tukaandika barua jioni hiyo hiyo. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Tulisema tulichokiona: urefu wa kitambaa, maana ya rangi zake, namna wazee walivyomsahihisha naye akafumua mshono na kuushona upya. Tulisema pia kwamba hatuna ujuzi wa sanaa na kwamba ushahidi wetu ni wa kazi na uaminifu wake tu. Maombi yalipelekwa wiki tatu kabla ya kufungwa.

Alipita mchujo wa kwanza. Usaili wa video ulifanyika katika chumba cha nyuma ya ofisi yetu kwa kuwa mtandao wa Machame hukatika, na baba yake aliketi barazani muda wote akivuta tasbihi. Baada ya wiki tano lilikuja jibu: hakuchaguliwa. Tunalisema wazi ili asije mtu akadhani kwamba barua njema ni ufunguo wa kila mlango. Waombaji ni wengi na nafasi ni chache, na riziki imeandikwa. Binti alilia siku mbili, kwa maelezo ya mama yake, kisha akarudi kwenye sindano. Wiki iliyopita baba alitusimamisha baada ya Isha akauliza, "Katibu, maombi ya mwaka huu yanafunguliwa lini?"

Kamati yetu imepitisha mambo matatu, nasi tunayapendekeza kwa misikiti mingine. Barua ya kijana anayeomba nafasi ya elimu au kazi haitasubiri kikao. Mwenyekiti au katibu atajibu ndani ya siku tatu. Muhuri hautatoka ofisini. Na hakuna barua juu ya kazi ya kijana itakayoandikwa na asiyeiona kazi hiyo.

Kwa wazazi tunaongeza la nne. Anzeni kabla fomu haijaja. Pengine chini ya paa lenu yupo anayedarizi, anayechora khati nyuma ya daftari la hesabu, anayechonga, au anayewarekodi wazee kwa simu. Mwambieni akae nanyi jioni moja awaoneshe. Ulizeni anachokifanya na kinachomshinda. Siku itakapofika ya kuulizwa, na mtu yeyote, wa hapa au wa ng'ambo, kwamba mtoto wenu ni nani na anafanya nini, mtakuwa na la kusema mliloliona kwa macho yenu. Mwenyezi Mungu amekataza kuuficha ushahidi, lakini mtu hana cha kuficha wala cha kutoa ikiwa hakwenda kuona.